Kuna mwengine hapa Mombasa anayemkumbuka Arthur C. Clarke?

Fundi wa Dishi (Kisauni)

Assalam alaikum na hamjambo nyote. Mie nafunga na kutengeneza madishi huku Kisauni, Bamburi mpaka Mtwapa, miaka kumi na saba sasa. Swali langu refu kidogo mnivumilie.

Mwaka jana nilikwenda kushusha dishi bovu nyumba moja Tudor, mzee mwenye nyumba alikuwa anahama anagawa vitu, akaniambia chukua kitabu unachotaka kwenye lile boksi. Nikachukua kimoja kwa ajili ya picha ya jalada tu, chombo cha angani. Kumbe ni Rendezvous with Rama, cha 1973, mwandishi Arthur C. Clarke. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne lakini nilikimaliza siku nne, usiku nasoma na tochi ya simu nisiwaamshe watoto. Mle ndani kuna chombo kimeingia kwenye mfumo wa jua letu, kama pipa, urefu kilomita 50 upana 20, watu wakatumwa wakaingie, wanakuta bahari ndani, wanakuta kama miji, ngazi ambazo kushuka tu ni safari, na mwenyewe hayupo. Kitabu kizima unamngoja mwenyewe atokee, hatokei, chombo kikapita karibu na jua kikachota nguvu kikaenda zake. Nilikaa na kile kitabu mapajani nikajiona kama mtu aliyepiga hodi nyumba kubwa akaitikiwa na upepo.

Sasa nikaanza kumtafuta huyu mtu ni nani, ndio nikakuta jambo lililonikosesha usingizi. Ule mduara wa juu ya ikweta ambako setilaiti za tivi zimekaa, wataalamu wanauita mduara wa Clarke. Huyu huyu! Miaka kumi na saba naelekeza madishi ya watu kwake na jina lake silijui.

Nimemwambia kijana ninayemfundisha kazi, hakuamini, ananambia mwandishi wa hadithi hawezi kuwa alivumbua setilaiti. Nami sina elimu ya kumjibu. Basi naomba wanaojua mnieleze, ni kweli au nimesoma uongo? Na baada ya hiki nisome kipi? Na pia nilitaka kujua kama sisi huku tuna mtu wetu aliyeandika mambo kama haya kwa Kiswahili, maana nikimpa yule kijana kitabu cha Kiingereza hafiki ukurasa wa tatu.

Mwalimu Mstaafu

Wa alaikum salaam mwanangu. Umenigusa, nilifundisha fizikia miaka mingi na Clarke nilikuwa namtumia darasani kuliko hata kitabu cha serikali.

Ni kweli, ila ina mipaka yake na kijana wako ana haki ya kubisha kidogo. Oktoba 1945, jarida moja la Uingereza la mambo ya redio, Wireless World, lilitoa makala ya Clarke. Alikuwa na miaka 27, bado yumo kwenye jeshi la anga, kazi yake rada. Akaandika hivi, ukipeleka chombo juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule dunia inaojizungusha yenyewe, kwa hivyo wewe uliye chini utakiona kimetulia pale pale usiku na mchana. Vitatu vya namna hiyo vikigawana mbingu, matangazo yanafika karibu dunia nzima. Ndio maana wewe fundi unakaza nati ukaondoka zako. Ingekuwa setilaiti inatembea angani kama mwezi ungelazimika kukaa darini kwa watu unalizungusha dishi kucha.

Mipaka ninayoisema ni hii. Mzunguko wenyewe uliwahi kuandikwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Herman Potočnik, kwa hivyo Clarke si wa kwanza kuujua. Yeye alichokiona ni kazi ya kuupa, kurusha mawasiliano kwa dunia yote, na akapiga hesabu zake zikakaa sawa. Tena alidhani vitakuwa vituo vyenye watu ndani wa kufanya matengenezo, hilo halikuwa. Makala ile alilipwa pauni 15, hataza hakuchukua, na baadaye aliandika mwenyewe kuhusu utajiri uliompita. Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ilirushwa 1957, na setilaiti ya kwanza iliyotulia juu ya ikweta kama alivyosema ni Syncom 3 mwaka 1964, watu wakaonyeshwa Olimpiki ya Tokyo. Miaka 19 baada ya makala!

Na mwambie kijana wako jambo hili, Clarke alizaliwa 1917 Minehead, kwao ni wakulima, alipomaliza shule pesa ya chuo kikuu haikuwako akaenda kuwa karani wa kukagua hesabu. Chuo alikwenda baada ya vita, King's College London, akatoka 1948 na daraja la kwanza la hisabati na fizikia. Makala ya setilaiti aliiandika kabla ya digrii. Hilo nililirudia kila mwaka kwa watoto wa kidato cha pili, maana wengi wao karo ilikuwa inawatoa machozi.

Mie mwenyewe nakumbuka simu za ng'ambo baada ya kituo cha Longonot kufunguliwa 1970. Unasema neno halafu unangoja, sauti inapanda kilomita 36,000 inashuka 36,000, karibu robo sekunde, na jibu lake vile vile. Watu walikuwa wanagongana maneno kwenye simu wakidhani mwenzao kakasirika. Nilikuwa nikingoja lile jibu namkumbuka Clarke.

Mzamiaji (Nyali)

Nyinyi mwamsifu kwa mbingu, mie kwangu huyu ni mtu wa bahari kwanza. Tena bahari yetu hii hii.

1956 alihama Uingereza akaenda kuishi Sri Lanka, enzi hizo Ceylon, na sababu kubwa ilikuwa kuzamia. Akabaki huko mpaka alipofariki Colombo tarehe 19 Machi 2008, umri miaka 90. Yaani zaidi ya miaka 50 alikuwa anapigwa na kaskazi na kusi kama sisi, ng'ambo ya maji tu. Ukisoma vitabu vyake vya bahari unamuona mtu anayejua mchafuko wa maji ya kusi ulivyo, si mtu aliyesoma kwenye ensaiklopidia.

1961 mwenzake Mike Wilson pamoja na vijana wawili walizamia mwamba wa Great Basses kusini ya kisiwa wakakuta meli iliyozama, na ndani rupia za fedha zimegandana madonge madonge, zimepigwa Surat mwaka 1113 Hijria. Clarke akakiandikia kitabu kisa hicho. Nikikisoma nawaza Santo António de Tanná ya Wareno iliyozama hapa mbele ya Fort Jesus 1697, ile waliyoanza kuichimbua 1977, vyombo vyake vimo kwenye makumbusho pale ngomeni mkitaka kuviona. Na Surat wazee wetu walifanya nayo biashara. Bahari moja ndugu zangu.

1962 akapata polio, na uzeeni ikamrudia kwa namna nyengine mpaka akawa wa kiti cha magurudumu. Lakini majini aliendelea kuzamia, maana ndani ya maji mwili hauna uzito na miguu haidaiwi kitu. Alikuwa akisema kuzamia ndiko kulikomkaribisha na hali ya kuelea angani. Mimi nimemfundisha kuzamia mtu mmoja aliyekatika mguu, alipotoka majini mara ya kwanza alilia, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa kumsimulia habari za Clarke.

Halafu tarehe 26 Disemba 2004. Nyinyi wote mnaikumbuka ile Jumapili, askari wanatuondoa ufuoni na hatujui kuna nini. Upande wa pili shule yake ya kuzamia pale Hikkaduwa ilikwenda na maji, boti na mitungi. Alikuwa na miaka 87.

Kwa hivyo fundi, ushauri wangu soma The Deep Range, 1957, watu wanachunga nyangumi kama ng'ombe. Hakisifiwi sana lakini mtu wa Pwani atakielewa.

Ummu Salma

Nimesoma yote na nimefurahi, ila mie nina la kusema na nisieleweke vibaya maana huyu mwandishi nampenda.

Watu wake wakavu. Sema kweli Fundi, umemaliza Rama, unamkumbuka nahodha kwa tabia gani? Mimi nakumbuka zile ngazi na ile bahari ya mviringo, mtu hata mmoja hakunikaa moyoni. Ukitaka kulilia mtu, kwa Clarke si pake.

La pili ni la imani. Nilipokuwa chuo nilisoma Childhood's End, 1953, wageni wanakuja kutawala dunia kwa wema lakini wanakataa kuonekana, na siku wanayojitokeza wana pembe na mabawa, sura ile ile tunayoijua ya ibilisi. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho wiki nzima sikifungui. Na yeye dini hakuwa nayo, hata mazishi yake aliacha maandishi kwamba asisomewe chochote cha dini yoyote. Mie hilo linanisikitisha mpaka leo kwa mtu aliyeziangalia mbingu kiasi kile.

Lakini nilirudi nikakimaliza. Na kile kisa kifupi chake The Star, cha 1955, kasisi mwanasayansi yuko kwenye chombo anarudi kutoka kwenye nyota iliyolipuka, imani yake inatikisika kwa alichokiona, sitasema ni nini, kile nilikisoma nikamuona Clarke hamdharau yule kasisi hata kidogo. Anaumia naye. Basi nimejirudi mwenyewe, huyo kasisi ndiye mtu wake mmoja aliyenikaa moyoni.

Fundi wa Dishi (Kisauni)

Dada Ummu Salma umesema kweli, nahodha nimemsahau jina. Lakini ile hali ya kuingia mahali pakubwa kuliko wewe ukanyamaza, mie huipata darini usiku nikichelewa kazi, umeme umekatika mtaa mzima na nyota zimejaa. Hiyo sijaiona kwa mwandishi mwengine.

Mwalimu shukrani sana, nimemsomea kijana neno kwa neno. Amekubali nusu. Anasema basi tuone setilaiti iko wapi.

Kijana wa Ngomeni

Naingilia kwa vile mmesahau kwetu. Mimi ni wa Ngomeni, kule kaskazini ya Malindi, na majukwaa ya Wataliano ya San Marco tumekua tunayaona baharini. Roketi za kupeleka setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei, na kwa kuwa ni sikukuu yetu ya Jamhuri wakaipa jina Uhuru. Neno la Kiswahili limo kwenye vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima na watoto wa Kilifi wengi hawajui!

Walikuja kwetu kwa nini? Ikweta. Pale dunia inazunguka kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi ikiruka kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Haya, Clarke kitabu chake The Fountains of Paradise, 1979, kinahusu mhandisi anayejenga lifti ya kupandia angani, kamba kutoka ardhini mpaka kule kilomita 36,000 na kupita, wazo alilolitoa mrusi Yuri Artsutanov mwaka 1960 na Clarke mwenyewe alimtaja. Lifti hiyo lazima isimame kwenye ikweta. Sasa Sri Lanka haiko kwenye ikweta, kwa hivyo Clarke akakisogeza kisiwa kusini karibu kilomita 800 ndani ya hadithi ili mlima wake ukae sawa, na akasema wazi kwamba amekisogeza. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikafikiria, sisi hatuhitaji kusogeza kitu, Mlima Kenya uko chini ya kilomita 20 kutoka ikweta, umesimama tu unangoja. Fundi hiki ndicho cha kusoma sasa hivi, usikawie.

Na kuna kingine cha kazi yako wewe. 1975 wahandisi wa India walikwenda kumfungia Clarke dishi nyumbani kwake Colombo, wakati huo Sri Lanka haikuwa na tivi ya taifa, yeye anatazama matangazo ya vijiji vya India. Setilaiti iliyokuwa inarusha ni ATS-6 ya Marekani, ilisogezwa kwa ajili ya jaribio lile mpaka digrii 35 mashariki. Digrii 35 mashariki ni juu ya Kenya, upande wa ziwa Viktoria! Yaani yule mzee alikaa Colombo dishi lake limetutazama sisi.

Mimi nafanya kazi za mtandaoni, wateja wako Ulaya, naishi kwetu na samaki napata wa asubuhi. 1964 Clarke alikaa mbele ya kamera za BBC akasema watu watafanya kazi zao wakiwa popote, hata Bali au Tahiti. Najua intaneti yangu inapita kwenye nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa 2009, si kwa setilaiti, lakini hata hizo nyaya alikuwa ameshaziandikia kitabu 1958, historia ya nyaya za simu za baharini.

Mwanafasihi (Kaloleni)

Fundi, swali lako la mwisho wamelikwepa wote, la mtu wetu.

Yuko. Katama Mkangi, mtoto wa Pwani, Mmijikenda, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Tafuta riwaya yake Walenisi, ilitoka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo kirushwe angani akafie huko. Halafu anajifunza kukiendesha chombo chenyewe mle mle ndani, anafika sayari nyengine, na huko anakuta watu wanaishi kwa haki na usawa. Jina la sayari ndilo jina la kitabu, litamke polepole utalisikia, wale ni sisi. Na Dzombo ni jina la kwetu, kuna kilima Kwale kinaitwa hivyo. Ulishawahi kuona rubani wa angani mwenye jina la kilima cha Kwale?

Nawapenda wote wawili lakini kwa namna mbili. Clarke angekueleza chombo kinakwenda kwa nguvu gani, uzito kiasi gani, kitachukua siku ngapi. Mkangi anashughulika na nani kamtia mtu ndani na kwa kosa gani. Na alikuwa na sababu, yeye mwenyewe alikamatwa 1986 ule msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, akawekwa kizuizini bila kesi. Mtu aliyefungiwa chumba akatoka akaandika habari za mtu aliyefungiwa ndani ya chombo akajifunza kukiendesha. Nikifundisha kitabu hiki nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, wanafunzi wananitazama.

1997 aligombea urais, kura hakupata nyingi, na 2004 ajali ya barabarani ikamchukua. Nyie mnamkumbuka Clarke na ni haki yake, ila huyu wetu hata mtaa sijausikia ulioitwa kwa jina lake hapa mjini. Mpe kijana wako Walenisi. Kiswahili chake kinacheza na maneno, kina mafumbo, atakwama hapa na pale, mwambie aulize. Ulizia maktaba ya taifa pale Msanifu Kombo au kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, bei utapatana.

Mwalimu Mstaafu

Mkangi! Mwanafasihi umenitoa machozi mchana huu. Ninayo nakala yangu ya Walenisi, imelegea mgongo lakini kurasa zote zimo. Fundi, njoo uichukue, nakaa Tudor, nitumie ujumbe. Na The Fountains of Paradise nadhani nilimwazima mtu 1994 na hajarudisha, kama anasoma hapa ajue bado nakidai.

Fundi wa Dishi (Kisauni)

Samahani nimechelewa kujibu, mvua hizi zimeharibu madishi ya watu.

Jana tulikuwa Bombolulu darini kwa mteja, dishi kubwa la zamani limeshika maji kama karai. Hilo ni tatizo la kwetu huku, Uingereza madishi yanatazama mbele kama mtu anayechungulia dirishani, huku yetu yanalala chali, kwa sababu setilaiti ya digrii 36 mashariki ukiwa Mombasa iko karibu utosini, zaidi ya digrii 80 kutoka upeo wa macho. Tunatoboa tundu dogo chini maji yatoke. Nikamwambia kijana umeuliza iko wapi, haya simama hapa, fuata mkono wangu. Akainua uso. Akasema mbona hakuna kitu. Nikamwambia kipo, kilomita 36,000, kimetulia, na kuna mtu alikuwa na miaka 27 ana hesabu na penseli akasema kitatulia hapo kabla hata roketi ya kukipeleka haijakuwako. Alikaa anaangalia juu mpaka mwenye nyumba akapanda kuuliza kama dishi limepona.

Tulipokuwa tunashuka na ngazi akaniuliza yule Dzombo alikosa nini hata akahukumiwa. Sikuweza kumjibu. Mwalimu, nitakuja kuchukua kitabu Ijumaa baada ya swala, na dishi lako kama linasumbua niambie nije na vifaa kabisa.